Kipungu Saba na Wabeba Jeneza

Kipungu Saba alirudi bandani na risasi zake zote tumboni. Mafundi walipoinama kumfungua kifuniko cha chini wakazikuta zimepangana vilevile walivyozipanga asubuhi. Ndege aliyetumwa kuokoa watu hatakiwi kurudi ameshiba.

Alikuwa ametumwa Ukingo wa Shaba, kwenye handaki la vijana wa upande wao, watu wa Juu, baada ya vijana wenyewe kurusha fataki nyekundu kuomba msaada. Sasa gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda huko na linarudi, tena linarudi taratibu, bila haraka yoyote. Gari la wagonjwa likirudi taratibu, kila mtu anaelewa limebeba nini.

Mize binti Khatibu alisimama mlangoni mwa banda na upindo wa mtandio puani. Vumbi la Uwanda halivumiliki. Ni chuma kilichosagika tangu dunia ile ilipokuwa changa, jekundu, laini, linaingia hadi kwenye kope, na ubaya wake mkubwa ni kwamba linameza redio. Ukisimama upande huu wa uwanja na mwenzako upande ule, kila mmoja na redio yake mkononi, mtasikia mkwaruzo tu. Kwa hiyo ndege wa Uwanda haongozwi kwa mbali, wala askari aliye chini hawezi kumwita akamwambia, sisi ni wenzako, pita. Marubani walijaribiwa mwanzoni, watu wa damu na nyama, wakapigana na vumbi lile mpaka wakaisha. Ndipo wakaundwa Vipungu: mwili mfupi mnene, feni nne mgongoni, na mzinga mmoja uliopita katikati ya mwili kutoka mkiani hadi mdomoni. Wanaruka chini chini, polepole, wanaona wenyewe na kuamua wenyewe. Kipungu akishatoka bandani ametoka. Anayoyajua ni yale aliyofundishwa.

Na aliyemfundisha Saba alikuwa Mize.

"Kwa nini hukupiga?" Kanali Lwimbo alimwuliza. Alikuwa mtu mrefu, sauti ya chini, na siku hiyo alikuwa amesahau kuvaa kofia.

"Niliona jeneza," Kipungu akajibu. Sauti yake haikuwa ya kiume wala ya kike, ilikuwa kama ya mtu aliyetoka kuamka. "Nikapita."

"Halikuwa jeneza. Ulikuwa mzinga. Wameufunika shuka, wakaubeba hadi juu ya handaki letu, wakaufunua."

"Kilikuwa kitu kirefu, kimefunikwa, kimebebwa mabegani, na wabebaji walikuwa wakipokezana njiani. Hilo ni jeneza. Mfunzi amenifundisha."

Ngwali, fundi wa risasi, mtu asiyeweza kuacha neno limpite, akasema chini chini, "Mtoto kashamtaja mama yake." Siku nyingine wangecheka.

*

Kanali alimchukua Mize hadi chumba cha picha, akafunga mlango.

"Tazama mwenyewe," akasema.

Mize alivuta kiti. Lakini kabla hata picha haijaanza moyo wake ulikuwa umekwisha kukimbilia nyuma, kwenye siku zile alipokuwa anaifundisha alama ile. Kipungu wa kwanza kabisa aliwahi kupiga maziko ya watu wa Juu wenyewe, wa mtaa wa Mize mwenyewe, kwa sababu aliona watu wamebeba kitu kirefu mabegani akadhani ni silaha. Ndipo Mize akaapa kuwa halitatokea tena. Akawaita wanaume wa mtaani wabebe jeneza tupu wakizunguka uwanja, jua linawaka, huku Saba anatazama. Likawa jepesi mno, mwendo hauji sawa. Mwanawe Vuai akajitolea kulala ndani ili uzito upatikane. "Msinidondoshe," alikuwa akipiga kelele chini ya shuka, "mimi bado nina mchumba!" Na wabebaji wakacheka hadi wakapinda mstari, ikabidi waanze upya.

Alichokigundua Mize ni jambo dogo tu. Watu wa mzinga kila mmoja ana nafasi yake. Wa mbele ni wa mbele, wa nyuma ni wa nyuma, na haachii mpaka wafike, kwa sababu mzinga ukiyumba unaua wabebaji wake. Lakini jeneza halina mwenyewe. Jeneza linapita mlangoni, mtu anatoka, anaweka bega, anakwenda hatua kadhaa, anapokelewa na mwingine, anabaki nyuma akijipangusa jasho. Kila mtu anataka thawabu zake. Watu wa Juu na watu wa Bondeni walishuka kutoka chombo kimoja, wakaja kugombania kisima cha barafu, wakagawana, wakaanza kuuana; lakini hakuna hata mmoja wao, wa huku au wa kule, atakayeona jeneza linapita akabaki amekaa. Mize alimfundisha Saba hivyo, na Saba akawafundisha Vipungu wenzake wa kambi nyingine, na tangu hapo hakuna maziko yaliyopigwa tena upande wowote.

Bila shaka Bondeni walikuwa wameliona hilo. Watu wana macho.

Picha ya yale Saba aliyoyaona ikaanza. Njia ya Bondeni, nyumba za udongo wa chuma, na wanaume wanne wametoka na kitu kirefu chini ya shuka ya kijani. Walikuwa wanatembea vizuri. Mwendo wa maziko kabisa, ule wa haraka usio na papara.

"Kuna tofauti," Mize alisema. "Lazima ipo. Nipe siku tatu niitafute. Waigizaji hawawezi kuigiza kila kitu. Ama watapokezana wao kwa wao tu, ama..."

Akanyamaza, kwa sababu kwenye picha mlango mmoja ulifunguka. Mwanamume mtu mzima alitoka mbio, kiatu kimoja mguuni na cha pili mkononi, akaweka bega. Mlango mwingine, vijana wawili. Mmoja alikuwa bado anatafuna. Wakapokea, wakaenda, wakapokelewa. Hadi mwisho wa mtaa wale wanne wa kwanza hawakuwa tena chini ya mzigo. Walikuwa wanatembea pembeni, mikono mitupu, na wanakijiji ndio waliokuwa wameubeba, wengine midomo inatikisika kwa dua.

"Hawa hawaigizi," Mize alisema.

"Hapana."

"Hawajui walichobeba. Wameona shuka, wakatoka. Kanali, hawa wamembeba wanayedhani ni maiti."

"Nimeliona hilo. Ndiyo maana nimefunga mlango." Lwimbo alijipangusa uso kwa kiganja. "Hizo siku tatu zako utatafuta tofauti gani, Bi Mize? Tofauti iko chini ya shuka tu, na Kipungu haoni chini ya shuka. Ifute alama."

"Nikiifuta atapiga kila maziko. Ya kwao na ya kwetu."

"Ya kwetu tutayapeleka kwa gari. Ya kwao..." Hakumaliza. "Wameanza wao kuligeuza jeneza silaha. Sikuanza mimi."

"Wameanza wanne. Huyo mwenye kiatu mkononi kaanza nini?"

"Na huko handakini kuna watoto wa watu!"

"Watoto wa watu gani?" Mize aligeuka kumtazama. "Toka asubuhi hujanitajia jina hata moja, Kanali. Nipe majina."

Kanali Lwimbo alitazama picha iliyosimama ukutani. Akaitazama mno.

"Nipe majina," Mize alirudia, ingawa alikuwa ameshajua; mama hahitaji kuambiwa.

"Nilitaka uamue kwa akili yako ya kazi," Lwimbo alisema mwishoni. "Sikutaka uamue kwa uchungu. Lakini umeomba siku tatu ambazo sina, na umeuliza majina. Vuai alikuwa kwenye handaki lile. Pole, mama."

Mize hakulia. Aliirudisha picha nyuma, akaitazama tena tangu mwanzo, wale watu wakitoka milangoni, huyu na kiatu chake, yule akitafuna, wakikimbilia kuweka mabega yao chini ya kile kilichokwenda kumuua mwanawe. Alitafuta mtu wa kumchukia, na alimpata kila mmoja wao.

Alisimama. Akaenda bandani kwa miguu yake mwenyewe, hakuburutwa na mtu.

"Saba."

"Nakusikia, Mfunzi."

"Alama ya jeneza. Ifute."

"Niipunguze au niifute yote?"

"Yote. Na wenzako wafute pia."

"Na kupokezana?"

"Na kupokezana."

"Na watu wanaotoka majumbani kuja kusaidia?"

"Na hao."

"Basi nikiona watu wamebeba kitu kirefu, nitajua ni mzinga."

"Utajua ni mzinga."

"Na kama kuna mtu amekufa?"

Ngwali alishikilia spana hewani kama aliyesahau anataka kufanya nini nayo.

"Hakuna anayekufa," Mize alisema. "Kuanzia leo huku hakufi mtu."

"Nimeelewa," Kipungu akasema, na ikawa imekwisha. Kumfundisha kulichukua jua na jasho la mtaa mzima. Kumsahaulisha kulikuwa kama kufunga bomba la maji.

*

Kesho yake Vuai alikuwa ameshaoshwa na kuvikwa, amelala chumba cha ndani, na wanawake wamejaa ukumbini wameketi mkekani. Mcha, ndugu wa marehemu mume wa Mize, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia maziko ya mtaa ule, alikohoa mlangoni.

"Hodi. Shemeji, samahani. Kuna askari nje ananiambia jeneza halitoki kwa mabega."

"Halitoki."

"Ameleta gari la kambini. La mizigo! Anasema ndege hatambui nani wa Juu, nani wa Bondeni."

"Hatambui, shemeji. Kutoka kule juu nyote ni watu wekundu wa vumbi. Mnafanana."

"Sawa, sisi tunafanana. Lakini jeneza si alikuwa akilijua? Tumezika muda wote huu, anapita juu yetu, wala hata hatuinui macho."

"Alikuwa akilijua."

"Sasa nani kamsahaulisha?"

Mama yake mdogo Mize, Bi Raya, alimminya mkono, kama anayemwambia usijibu, hapa si mahali pake.

"Mimi," Mize alisema.

Mcha alibaki pale mlangoni na viatu mkononi. Kisha akasema polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi: "Wewe, shemeji."

"Kwa ajili yake." Mize alielekeza kidole chumba cha ndani.

"Kwa ajili yake." Mcha alitikisa kichwa. "Haya. Kwa ajili yake umemnyima mabega ya watu."

Akaondoka kwenda kutoa maiti.

Mize alichungulia dirishani. Jeneza liliingizwa garini kwa mikono michache, upesi, karibu kama wanaficha wizi, askari akiangalia juu muda wote. Gari likaondoka. Mtaa wote, kila mlango, wanaume walikuwa wametoka. Hakuna aliyewaita. Miguu iliwatoa yenyewe. Gari lilipofika kwa kila mmoja, alipiga hatua mbele na mkono umeinuka tayari kupokea, nalo likampita. Mkono ukashuka. Lilimfikia wa pili, naye hivyohivyo. Mshona viatu wa pembeni, mtu wa miaka mingi na mguu mbovu, alilikimbilia akilipiga bodi kwa kiganja, si kwamba anataka lisimame, alitaka tu awe ameligusa. Vumbi likamfunika.

Wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo Mize aliketi. Bi Raya alimletea uji, hakuunywa. Mara akasikia feni za Kipungu zikipita juu, zile nne zenye mlio wa kulalamika, zikielekea Bondeni. Baadaye akasikia mzinga. Ukanyamaza. Ukalia tena. Ukanyamaza, ukalia tena, tena, mpaka watoto nyumba ya jirani wakaanza kulia, na mwishowe feni zilirudi.

Haukupita muda, Ngwali alikuwa mlangoni, kofia mkononi, macho mekundu.

"Bi Mize, najua si wakati wake. Saba karudi ana swali. Unamjua, akiwa na swali lisilojibiwa hatoki. Kanali anasema uje."

"Mfiwa hatoki!" Bi Raya alifoka. "Kwani nyie kambini hamkuzaliwa na wanawake?"

"Mama, hata mimi sipendi. Lakini wamepeleka kundi jipya handakini leo. Tunu wangu yumo." Tunu alikuwa binti yake wa pekee.

Mize alijifunga kanga yake ya msiba, akavaa viatu.

*

Saba alikuwa bado ana moto. Chuma cha mdomo wake kilikuwa kinapasukapasuka kwa kupoa, na tumbo lake lilikuwa wazi, tupu. Kanali Lwimbo alisimama pembeni, mikono nyuma.

"Niulize," Mize alisema.

"Niliona watu kwenye njia ya Bondeni wamebeba kitu kirefu," Kipungu akaanza. "Nikapiga. Kikaanguka. Watu wakatoka majumbani. Nilijua watakimbia, maana umenifundisha kwamba wenye silaha wakipigwa hukimbia. Hawakukimbia. Walikuja kukiinua. Nikapiga. Wakatoka wengine, wakakiinua. Nikapiga. Wakatoka wengine. Risasi zilikwisha nao walikuwa bado wanatoka. Mfunzi, nipige mara ngapi ndipo waache?"

"Nionyeshe."

Ilikuwa njia ileile, nyumba zilezile. Bondeni nao walikuwa na wafu wao wa vita vya jana, nao walikuwa wanazika. Mize alitazama mpaka shuka ilipoanguka na kile kilichokuwa ndani kikaonekana. Sanda. Nyeupe, imefungwa kichwani na miguuni, kama ile iliyokuwa chumbani kwake asubuhi. Na juu yake watu wanainama, wanaingiza mabega, wanainuka, wanakwenda hatua chache, wanaanguka, na milango mingine inafunguka.

"Zima," akasema Kanali.

"Umeona, Kanali."

"Nimeona. Sina upofu." Sauti yake ilikwaruza. "Leo ilikuwa sanda. Jana ilikuwa mzinga. Kesho niambie wewe itakuwa nini. Njia ile inafika handakini, na pale nina vijana wapya. Mjibu aende. Neno moja tu, Bi Mize. Mwambie mpaka waache."

"Hawataacha."

"Basi mwambie hivyo."

"Acha nimrudishie alama yake," Mize alisema.

"Ungeweza leo?"

Hakuweza. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote. Wangehitaji wanaume na jeneza na uwanja na miezi, na mtu wa kulala ndani.

Ngwali alikuwa amesogea, ukanda wa risasi umemlalia mikononi kama nguo zilizofuliwa. "Bi Mize. Dada yangu." Hakuwahi kumwita hivyo. "Mimi sikulaumu kwa chochote. Lakini Tunu yuko pale sasa hivi. Kama wakija tena na mzinga chini ya shuka na ndege yuko hapa bandani... Mjibu tu. Nakuomba. Wewe unajua inavyouma."

"Najua," Mize alisema.

"Basi mjibu."

"Mfunzi," Kipungu akauliza tena, kwa sauti yake ya usingizi, "mara ngapi?"

Mize alimtazama Ngwali, akatazama mdomo mweusi wa Saba. Kila jibu lililomjia lilikuwa na mtoto wa mtu ndani yake. Kumzuia ndege kulikuwa kumwacha Tunu bila mlinzi. Kumwachia kulikuwa milango ile. Alitafuta neno la tatu na hakulipata, na alijua halipo, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelifuta.

Akaketi chini. Palepale kwenye sakafu yenye mafuta, mbele ya magurudumu ya Saba, akanyoosha miguu kama wanawake wanavyoketi msibani, akavuta kanga mpaka usoni.

"Bi Mize, simama," Kanali alisema.

Hakusimama.

"Nitaleta mfunzi mwingine kutoka Ngome, kambi kuu. Kesho mchana atakuwa hapa, atamjibu yeye. Unachofanya hapa hakisaidii kitu."

"Kesho mchana," Mize alisema chini ya kanga. "Mpaka hapo watakuwa wamemfikisha kaburini. Waliobaki."

Kipungu aliuliza mara nyingine, kisha akanyamaza kama Vipungu walivyoundwa kunyamaza, wakisubiri. Mafundi walitawanyika mmoja mmoja. Ngwali hakuondoka. Alipiga magoti kando ya tumbo la ndege, asimtazame tena Mize, akaanza kupakia, risasi baada ya risasi, akizisukuma kwa kidole gumba mpaka zilie, na machozi yanamdondoka kwenye shaba.